Gari la wagonjwa linaanzia kwenye mlango wa zahanati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nieleze jambo ambalo kila anayefanya kazi katika hospitali ya wilaya analijua, lakini nje ya kuta za hospitali husemwa nusunusu tu. Mahitaji ya magari ya kubebea wagonjwa yanaongezeka kwa kasi kuliko magari yenyewe, mafuta yake, madereva wake na wauguzi wa kuyasindikiza. Hilo peke yake lisingenisumbua sana, kwa kuwa mahitaji yakiongezeka maana yake wananchi wanatafuta tiba, na sisi tulioanza kazi enzi za machela tunajua thamani ya jambo hilo. Kinachonisumbua ni kwamba gari linaitwa mara nyingi kwa ajili ya watu ambao wangeweza kutibiwa mahali pa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwao, huku wale ambao kila dakika kwao ni ya kufa na kupona wakiitiwa gari kwa kuchelewa, au wasiitiwe kabisa. Nimekuwa muuguzi na mkunga katika wilaya za Mkoa wa Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na hata baada ya kustaafu naishi jirani na zahanati, hivyo naandika kuhusu mambo ninayoyaona. Maoni yangu ni kwamba makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: mwananchi hauamini mlango wa tiba ulio karibu naye, na kwa sehemu kubwa hatukumpa sababu ya kuuamini.

Zamani magari haya hayakuwapo. Mjamzito aliyeshindwa kujifungua kule milimani alishushwa kwa machela ya miti na mablanketi, wanaume wakipokezana mabegani, na mara nyingi alifika hospitali akiwa amechoka kiasi kwamba hata upasuaji ulikuwa wa kubahatisha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, ulisogeza majengo karibu na watu. Baadaye vituo vya afya vingi vikapata vyumba vya upasuaji, na fedha za mkopo wa UVIKO-19, zile Shilingi trilioni 1.3 zilizotangazwa mwaka 2021, zikaleta pamoja na mengine majengo ya tiba ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na magari ya wagonjwa. Mwaka 2022 serikali ikazindua kitaifa mfumo wa M-mama, ambao ulikuwa umejaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, katika maeneo kama Sengerema na Shinyanga. Kwa mfumo huo ndugu wa mjamzito, au mtoa huduma wa zahanati, anapiga namba 115 bila malipo, mratibu anayepokea simu anauliza maswali ya kupima uzito wa hali, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Gari likikosekana, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Matunda yameonekana. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Siwezi kusema kwamba magari peke yake ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, maana kuna wakunga, damu salama, vyumba vya upasuaji na dawa za kuzuia kifafa cha mimba. Lakini aliyewahi kukaa wodi ya wazazi anajua kwamba kina mama wengi tuliowazika waliuawa na kuchelewa: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari linatibu ule ucheleweshaji wa katikati. Wa kwanza na wa mwisho haliwezi kuugusa.

Sasa watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923 na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Presha na kisukari, ambavyo zamani tulivikuta zaidi kwa watu wa mjini, sasa vipo mpaka vijijini, na pamoja navyo kiharusi. Bodaboda zimefungua njia ambazo gari halipiti na zimewapa vijana riziki, lakini pia zimejaza wodi za mifupa, na si ajabu, kwani Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Wito wa gari, ambao miaka ya nyuma ulikuwa karibu wote wa uzazi, sasa ni wa kila aina ya maradhi na kila aina ya hofu.

Ni vizuri msomaji ajue safari moja ya gari hili inameza nini. Katika wilaya nyingi gari halikai likisubiri simu za majumbani. Kazi yake kubwa ni rufaa, yaani kumtoa mgonjwa zahanati kwenda kituo cha afya, au kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya, au kutoka hapo kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayesindikiza mgonjwa ni muuguzi anayetolewa wodini, na zamu ya usiku ikiwa na wauguzi wawili, anayebaki anabeba wodi nzima peke yake mpaka mwenzake arudi. Barabara ya udongo wakati wa masika huifanya safari ya saa moja kuwa ya saa tatu. Wakifika, dereva na muuguzi husubiri mgonjwa akabidhiwe, barua ya rufaa isomwe, machela irudishwe, mara nyingine na mtungi wa oksijeni uliokwenda na mgonjwa urudishwe pia. Kwa muda huo wote kata zote zilizobaki nyuma hazina gari. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na saa hizo mbili hazimsubiri dereva ageuze gari.

Nakumbuka usiku mmoja wa masika, nikiwa zamu. Gari letu lilikuwa limeondoka jioni kumpeleka mjini kijana mwenye maumivu ya tumbo. Tabibu alikuwa amempima, hakukuta dalili za upasuaji, akaandika dawa na kumtaka alale pale aangaliwe hadi asubuhi, lakini ndugu zake walishikilia kwamba lazima afike hospitali ya mkoa usiku uleule, na waliposhinda hoja kwa kelele gari likatoka. Saa nne usiku simu ikapigwa kutoka zahanati ya mlimani: mama amejifungua salama, kondo la nyuma limegoma kutoka, damu inatoka. Gari halikuwapo. Mama yule aliletwa kwenye pikapu ya mchuuzi wa ndizi, amelazwa juu ya majani ya migomba, mumewe amemshikia mwavuli, kanga zimelowa mpaka miguuni. Nilipomshika mkono kumtafuta mshipa nikakuta njia imeshawekwa na kufungwa vizuri kwa plasta, maji yanapita, sindano ya kukaza mji wa mimba imeshachomwa na saa yake imeandikwa kwenye karatasi ya rufaa, na mkojo umeshatolewa. Mkunga wa zahanati, msichana aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kazini, alikuwa amefanya kwa mikono yake kila kilichowezekana kufanywa pale, kisha akatafuta usafiri bila kusubiri gari ambalo aliambiwa liko mjini. Kondo tulilitoa, mama akapona, na mtoto akaletwa kesho yake mchana amebebwa na bibi yake.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu lina mambo mawili ambayo tunapojadili magari ya wagonjwa tunayasahau. Gari lililokosekana lilikuwa limebeba mtu ambaye angeweza kutibiwa alipokuwa. Na mama aliyekuwa taabani aliokolewa zahanati, kabla hajapanda chombo chochote. Ungempa gari jipya lenye king'ora na kila kifaa, halafu ukamwondoa yule mkunga, angefika kwetu maiti.

Kwa hiyo sitaki barua hii isomwe kama lawama kwa wananchi. Mara nyingi nasikia viongozi wakiwaambia watu waache kuruka ngazi za rufaa, waanzie zahanati, ndipo waende kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mkoa, kanda na mwisho Muhimbili. Ngazi hizo zina maana kubwa na ninaziunga mkono kwa moyo wote. Lakini mwananchi hupanda ngazi akiwa na kumbukumbu. Mama aliyempeleka mtoto mwenye homa zahanati saa mbili usiku akakuta kufuli, akagonga nyumba ya mtumishi akaambiwa yuko semina, safari nyingine hatapita pale. Atakodi bodaboda moja kwa moja hadi hospitali, na akiwa na namba ya dereva wa gari la wagonjwa atampigia huyo. Baba aliyeambiwa dirishani kwamba dawa hakuna, akanunue nje, atajiuliza kwa nini apoteze nusu siku kwa ajili ya karatasi. Na yule aliyejibiwa vibaya mapokezi mbele ya majirani hatasahau, hata dawa zikija zikajaa kabati. Zahanati nyingi zinahudumia wagonjwa wa nje mchana, na usiku zinategemea mtumishi mmoja anayeishi karibu aitwe. Mtumishi huyo akiwa hana nyumba kijijini, akawa anapanga mtaa wa mbali na kurudi jioni, basi kijiji kina jengo tu, tiba hakina.

Tukishakubali hilo, ndipo tunaweza kuzungumza na wananchi kwa haki kuhusu kuchagua mahali pa kutibiwa. Mambo mengi yanayojaza foleni za hospitali kubwa yanamalizwa zahanati: homa ya malaria isiyo kali, ambayo kipimo cha haraka huonyesha majibu ndani ya dakika ishirini hivi na dawa mseto hutolewa hapohapo, kuhara bila damu, kwa chumvi za ORS na vidonge vya zinki, kikohozi na mafua, vidonda vidogo, chanjo, kupima presha na kuendelea na dawa ulizokwisha kuandikiwa. Maduka ya dawa muhimu nayo yana nafasi yake kwa maumivu ya kawaida, ili mradi mnunuzi asilifanye duka kuwa daktari, akaondoka na antibayotiki nusu dozi kwa sababu fedha aliyokuwa nayo ilitosha nusu. Mwenye presha anayeacha dawa akijisikia nafuu, kisha akaja kuitiwa gari usiku amepinda mdomo, angeweza kuepushwa na safari hiyo kwa kwenda zahanati mara moja kwa mwezi. Hapo ndipo gari la wagonjwa linapookolewa hasa, miezi mingi kabla ya simu kupigwa.

Ziko hali ambazo hazina mjadala. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea, aliyepoteza fahamu, anayepumua kwa shida mpaka mbavu zinaingia ndani, au aliyepatwa na degedege, huyo ni wa kukimbizwa. Mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, aliyevimba uso na mikono, ambaye mtoto tumboni ameacha kucheza, au ambaye chupa imepasuka na uchungu haujaanza, asisubiri kuche. Mtu mzima aliyepinda uso upande mmoja, mkono umelegea na maneno yanakwama. Mwenye maumivu ya kifua yanayobana na jasho jembamba. Aliyeumwa na nyoka. Aliyegongwa na kuumia kichwa au shingo: hao wote muda wao unahesabika. Kwa kiharusi cha damu kuganda ipo dawa ya kuyeyusha, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya kipimo cha picha ya ubongo (CT scan), kwa hiyo anayemlaza mgonjwa nyumbani siku mbili akisubiri aone atakavyoamka amemfungia mlango huo, hata kama ana fedha za kumpeleka popote.

Niseme zaidi kidogo kuhusu degedege, kwa kuwa ndiyo hali iliyoniumiza kuliko nyingine zote. Bado wapo wazazi wanaoambiwa kwamba mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho amepitiwa na dege au na shetani, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Basi mtoto hufukizwa, hupakwa dawa, hupelekwa kwa mganga, na anapoletwa hospitali malaria imeshapanda kichwani na sukari ya damu imeshashuka. Wapo waliokufa mikononi mwetu wakati tunaandaa dawa, na wapo waliopona wakabaki na ulemavu. Nawaomba wazee, ambao ndio hushika uamuzi katika nyumba nyingi, waielewe hali hii: mtoto wa degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe mara moja zahanati ya karibu, ambako anaweza kuanzishiwa dawa ya malaria kali kabla ya kusafirishwa. Kumpitisha zahanati si kumchelewesha. Huyo ndiye anayestahili gari, na huyo ndiye ambaye mara nyingi haitiwi.

Kuhusu kuita gari lenyewe, maneno machache. Anayepiga simu aseme kwanza mgonjwa ana hali gani, kisha yuko kijiji gani, kitongoji gani, karibu na shule ipi, msikiti au kanisa gani, na asiizime simu wala kuendelea kupiga namba nyingine tatu akaita magari mawili kwa mgonjwa mmoja. Mtu atumwe njia panda na tochi. Wasindikizaji wawe wachache, na kati yao awepo anayeweza kutoa damu. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki, ambayo ndani yake kuna mpango wa kujifungua: mahali, usafiri, msindikizaji, mchangia damu. Ukurasa huo nimeukuta mtupu mara nyingi mno, na kina baba wanaweza kuujaza jioni moja tu. Pale ambapo gari liko mbali na chombo kingine kipo, aliyepokea simu akishauri mgonjwa aanze safari mkutane njiani, ushauri huo ufuatwe. Mjini Dar es Salaam pia, kwa mgonjwa anayekaa na kuongea, bajaji iliyoko mlangoni inaweza kumfikisha kituo cha afya kabla gari la wagonjwa halijavuka foleni ya kwanza.

Na kuhusu foleni, madereva wenzetu barabarani wanajua sheria inawataka nini wanaposikia king'ora, lakini wengi hawapishi, na wapo wanaoliacha gari lipite kisha wakajiunga nyuma yake kama msafara wa harusi. Naomba Jeshi la Polisi liwakamate hao kwa uzito uleule wanaokamatiwa wanaovuka taa nyekundu. Majeruhi wa ajali atibiwe kwanza. Fomu ya polisi ya PF3 inahitajika kwa ajili ya ushahidi na haina sababu ya kumtangulia mtu anayevuja damu.

Lipo pengo ambalo serikali peke yake ndiyo inayoweza kuliziba. Namba 115 ilianzishwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na imewahudumia vizuri. Polisi wana 112 na Zimamoto wana 114. Mzee aliyepata kiharusi kijijini usiku, au kijana aliyeanguka na pikipiki, familia yake inaanza kutafuta namba ya dereva kwa mtu anayemfahamu mtu, na mwenye kufahamiana na watu wengi ndiye anayepata gari. Hali hiyo ndiyo inayozaa safari kama ile ya kijana wa tumbo, kwa sababu pasipokuwa na mratibu mwenye maswali ya kupima uzito wa ugonjwa, uamuzi unabaki kwa mwenye sauti kubwa. Mfumo ambao tayari una waratibu mikoani, madereva wa vijijini waliosajiliwa na malipo ya simu ungeweza kupanuliwa hatua kwa hatua, kuanzia kwa watoto wa chini ya miaka mitano na majeruhi wa ajali, mpaka uwafikie wagonjwa wote wa dharura. Najua gharama yake si ndogo. Lakini gari linalotumwa bila kupimwa uzito wa hali lina gharama pia, na gharama hiyo huwaangukia wasiofahamiana na mtu.

Mafuta nayo yatengewe fungu lisiloguswa. Bado yapo maeneo ambako ndugu wa mgonjwa huombwa wachangie dizeli kabla gari halijawashwa, na familia inayohesabu noti usiku wa manane huku mgonjwa akikoroma inapoteza muda na heshima kwa pamoja. Muuguzi anayesindikiza apewe mafunzo ya dharura, maana kukaa nyuma ya gari linaloyumba na mgonjwa anayeishiwa pumzi ni ujuzi wa peke yake. Idara ya tiba ya dharura iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2010 ilionyesha kwamba fani hii inaweza kukua hapa nyumbani, na sasa tunao madaktari bingwa waliosomea hapahapa. Elimu hiyo ishuke mpaka kwa mkunga wa zahanati na dereva wa pikapu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi nyingine. Kaya nyingi za vijijini zimezoea mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu sita ilikuwa ikilipia Shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi wameacha kuulipia kwa sababu waliukuta hauna dawa nyuma yake. Bima mpya ikija vijijini na kukuta kabati lilelile tupu, watu watakata kadi mwaka wa kwanza na wasirudi wa pili, nao wataendelea kuruka ngazi, safari hii wakiwa na hasira. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa upya mwaka 2024, wanaweza kufanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu dalili za hatari nyumba kwa nyumba, lakini hawawezi kuwashawishi watu waende kwenye zahanati iliyofungwa. Tusiwatume kazi hiyo. Itawavunjia heshima kijijini kwao.

Ndugu Mhariri, kwa kuwa mambo makubwa huchukua muda, namalizia kwa ombi dogo kwa wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya, ambalo halihitaji bajeti mpya. Kila zahanati na kila kituo cha afya kibandike ubao nje ya mlango, mahali panaposomeka hata milango ikiwa imefungwa, wenye mambo manne: mtumishi wa zamu ya usiku wa leo na namba ya simu ya zamu, dawa muhimu ambazo zimekwisha na siku zinapotarajiwa, namba ya kuita gari, na jina la kituo cha jirani kilicho wazi saa zote. Mganga mfawidhi awe anaubadilisha kila jioni kabla ya kuondoka. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, ipite kuukagua bila kutoa taarifa, na namba ya zamu ipigwe usiku kuona kama inapokewa. Kituo ambacho simu haikupokewa, kamati iandike na Mganga Mkuu wa Wilaya ajibu kwa maandishi ndani ya wiki. Niko tayari kujitolea kuanza ukaguzi huo katika zahanati ya jirani yangu, nikipewa ruhusa.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Morogoro